Bernie Grant aliacha funguo Haringey

Nyumba za Broadwater Farm, kule Tottenham, kaskazini mwa London, zilijengwa juu ya nguzo. Kijito cha Moselle hupita hapo, na wahandisi walioanza kazi mwaka 1967 walihofia mafuriko, hivyo wakainua kila kitu: milango, maduka, hata njia za watu zikawa angani, zikitoka jengo moja hadi jingine. Chini kukabaki magari na giza. Majengo yakapewa majina ya viwanja vya ndege vya kivita, Tangmere, Northolt, Kenley. Ni zaidi ya nyumba elfu moja, na mwenye nyumba alikuwa mmoja tu, halmashauri ya Haringey. Anayetaka kumwelewa Bernie Grant, aliyeiongoza halmashauri hiyo kabla ya kuwa mbunge wa Tottenham, aanzie kwa huyo mwenye nyumba. Bunge litafuata.

Wanaomkumbuka Grant humkumbuka kwa mambo mawili: kauli aliyoitoa Oktoba 1985, na picha yake akiwa kwenye ufunguzi rasmi wa Bunge amevaa vazi pana la pamba la Afrika Magharibi, kati ya watu waliovalia suti nyeusi. Maisha yake husimuliwa kama ngazi: mhamiaji, karani wa reli, diwani, mbunge, kila hatua ikiwa juu ya iliyotangulia. Mimi nasoma kitu kingine. Siku alipokula kiapo cha ubunge, Grant alishuka kimadaraka. Kama kiongozi wa halmashauri alikuwa na nyumba, shule, bajeti na maelfu ya wafanyakazi. Bungeni alikuwa na kiti na sauti. Alilijua hilo, na bado akaenda.

Alizaliwa Georgetown, Guyana, Februari 1944, wazazi wote wawili wakiwa walimu. Wakati huo nchi ilikuwa bado koloni na vita vilikuwa havijaisha, na wazazi wake wakampa majina ya majenerali wawili wa Uingereza: Bernard Alexander Montgomery Grant. Alifika Uingereza mwaka 1963. Alifanya kazi ya ukarani kwenye reli, akasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Heriot-Watt kule Edinburgh, akaacha masomo kupinga mpango wa kupeleka wanafunzi Afrika Kusini ambao mweusi hakuweza kushiriki. Akarudi London, akafanya kazi kwenye kituo cha simu za kimataifa, na huko chama cha wafanyakazi kikamfundisha siasa. Mwaka 1978 akachaguliwa diwani wa Haringey kwa tiketi ya chama cha Labour.

Hapa msomaji wa kwetu anahitaji ufafanuzi kidogo. Tanzania, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani moja kwa moja. Akitoka Dodoma anaingia kwenye kikao cha halmashauri yake na kupiga kura. Uingereza si hivyo. Mbunge hana kiti kwenye halmashauri kwa sababu ya ubunge wake. Na halmashauri ya London ya miaka ile ilikuwa na uzito mkubwa. Haringey, iliyoundwa mwaka 1965 kwa kuunganisha Hornsey, Wood Green na Tottenham, iliendesha shule zake yenyewe, ilimiliki nyumba za kupangisha kwa maelfu, ilihudumia wazee, ilizoa taka, ilifungua na kufunga maktaba. Aliyechaguliwa na madiwani wenzake kuwa kiongozi ndiye aliyekuwa mtendaji wa kisiasa wa hayo yote.

Kuna desturi moja ya madiwani wa Kiingereza ambayo haionekani kwenye vitabu vya siasa. Siku maalumu, mara nyingi Jumamosi asubuhi, diwani hukaa kwenye chumba cha maktaba au ukumbi wa mtaa na kusikiliza watu mmoja mmoja. Wenyewe hukiita kikao hicho kwa neno lilelile la chumba cha daktari, surgery. Niliwahi kumsindikiza jirani yangu, mama wa Kirundi, kwenye kikao kama hicho kaskazini mwa London. Alibeba mfuko wa plastiki uliojaa barua alizoandikiwa na ofisi ya nyumba, nyingine hazijafunguliwa, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na barua zilikuwa za kisheria. Chumba cha watoto wake kilikuwa na ukungu mweusi kuanzia dirishani hadi dari, na mtoto mdogo alikohoa usiku kucha. Diwani alifungua barua zote, akazipanga kwa tarehe mezani, akakuta kwamba ile aliyoiogopa zaidi ilikuwa ahadi ya fundi ambaye hakufika. Akapiga simu palepale. Mama alitoka akiwa ameshika karatasi yenye siku na saa ya fundi, akaikunja mara nne na kuitia kwenye pochi kama noti.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomlea Grant kwa miaka tisa. Diwani hujifunza jambo ambalo wabunge wengi hawalijui: mtu haji na "sera ya makazi", anakuja na ukungu. Hujifunza pia kwamba akikosa jibu leo, kesho atakutana na mtu huyohuyo dukani. Ukitazama Grant alivyofanya kazi bungeni baadaye, utaona tabia hii haikumtoka.

Alikabidhiwa uongozi wa halmashauri mwaka 1985, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya mtaa nchini Uingereza. Ulikuwa mwaka mbaya wa kushika usukani. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1984 iliyoiruhusu kuziwekea baadhi ya halmashauri ukomo wa kodi ya majengo, chanzo chao kikuu cha mapato ya ndani, na Haringey ilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Maana yake: wapiga kura wamekuchagua utengeneze nyumba zao, na waziri ambaye hawakumchagua ameamua kiasi utakachotoza. Madiwani wa Labour waligawanyika vibaya, wengine wakitaka kukataa kupanga kodi hata kama sheria itavunjwa, wengine wakiogopa kutozwa faini binafsi. Grant alikuwa upande wa wakaidi. Sioni kwamba ukaidi ule uliwasaidia sana wapangaji, kwa sababu sheria ilishinda kila mahali. Lakini ulimfundisha kitu: funguo alizokuwa nazo zilikuwa za vyumba, na mlango mkubwa wa nje ulifungwa kutoka Westminster, liliko Bunge.

Tarehe 5 Oktoba 1985 polisi walipekua nyumba ya mama mmoja mweusi wa Tottenham, Cynthia Jarrett, baada ya kumkamata mwanawe. Mama huyo alianguka katikati ya upekuzi na kufariki. Moyo wake ulisimama. Wiki moja tu kabla, kusini mwa jiji, polisi walikuwa wamempiga risasi Cherry Groce nyumbani kwake Brixton walipomtafuta mtoto wake. Siku iliyofuata kifo cha Bi Jarrett, Broadwater Farm iliwaka moto. Usiku huo kundi la watu lilimshambulia na kumuua askari Keith Blakelock, aliyekuwa na wenzake wakiwalinda wazimamoto waliokwenda kuzima duka kwenye jengo la Tangmere. Alikuwa na umri wa miaka 40, mume na baba wa watoto watatu.

Siku mbili tatu baadaye Grant alisimama mbele ya watu na kusema kwamba vijana wa pale wanaona polisi ndio waliosababisha yote, na kwamba walichopata ni kichapo cha nguvu. Alisema kila mara baada ya hapo kwamba alikuwa akieleza fikra za vijana. Magazeti hayakujali. Yalimbatiza jina la mwendawazimu, na kiongozi wa chama chake, Neil Kinnock, akajitenga naye.

Nimeisoma kauli ile mara nyingi, na sikubaliani na wanaoitetea hadi leo. Mjane alikuwa amelia siku mbili tu. Mtu anayeongoza halmashauri huongoza pia familia ya askari aliyeuawa ndani ya mipaka yake, na siku hiyo Grant alizungumza kama msemaji wa upande mmoja wa barabara. Lilikuwa kosa la kiongozi, na lilimwandama hadi kaburini. Lakini kosa hilo limetumika kuficha jambo alilolifanya vizuri kuliko yeyote aliyekuwa madarakani wakati ule.

Waziri wa Mambo ya Ndani, Douglas Hurd, alikataa kuunda tume ya uchunguzi wa umma. Halmashauri ya Grant ikaunda yake. Ikamwita wakili Lord Gifford kuongoza uchunguzi huru wa yaliyotokea, na ripoti ikatoka mwaka 1986. Nyumba zilikuwa za halmashauri, wapangaji walikuwa wake, basi halmashauri ikauliza maswali ambayo dola haikutaka kuyauliza: vijana wangapi wana kazi, nani alikuwa akisimamishwa na polisi na mara ngapi, kwa nini chama cha vijana kilichoanzishwa pale mwaka 1981 kilikuwa kimeanza kubadilisha mtaa na nani alikipuuza. Wanaume watatu walifungwa maisha mwaka 1987 kwa mauaji ya Blakelock. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu zao zote tatu kwa sababu ushahidi wa polisi haukuaminika. Familia ya Blakelock haikupata haki, na wale watatu pia hawakuipata.

Hapo ndipo naona sababu ya Grant kwenda bungeni. Polisi wa London, hadi mwaka 2000, hawakuwajibika kwa halmashauri yoyote wala kwa meya, ambaye hakuwapo. Waliwajibika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani moja kwa moja. Kiongozi wa Haringey angeweza kubadilisha kufuli za milango elfu moja, angeweza kuweka taa kwenye vijia vya juu na baadaye kuvibomoa, lakini hakuwa na uwezo wa kumwita kamanda mmoja wa polisi na kumdai maelezo. Mahali pekee nchini ambapo waziri alilazimika kusimama na kujibu swali kuhusu askari wa Tottenham ni ndani ya Bunge.

Njia ya kufika huko ilikuwa ya ndani ya chama, na haikuwa ya upole. Tottenham ilikuwa na mbunge wa Labour, Norman Atkinson, mtu wa mrengo wa kushoto aliyeketi tangu 1964. Kanuni za chama wakati ule zilimlazimu kila mbunge kurudi kwa wanachama wake kuomba upya ridhaa, na Tottenham wakamkataa Atkinson, wakamchukua Grant. Watu wa kwetu wanaojua kura za maoni wataelewa makovu yanayobaki. Uchaguzi wa 11 Juni 1987 ulionyesha gharama: kura za Labour Tottenham zilipungua, na Grant akashinda kwa tofauti ya 4,141. Magazeti yalikuwa yamefanya kazi yao.

Waliingia wanne siku ile, wa kwanza wasio wazungu tangu mwaka 1929: Grant, Diane Abbott wa Hackney, Paul Boateng wa Brent na Keith Vaz wa Leicester. Husemwa mara nyingi kwamba walivunja ukuta. Kisichosemwa ni kwamba watatu kati yao walikuwa wametokea serikali za mitaa. Abbott alikuwa diwani wa Westminster kuanzia 1982, Boateng alikaa kwenye baraza kuu la jiji la London hadi lilipofutwa mwaka 1986. Vyama havikuwaletea ubunge mkononi. Waliupata kwa sababu walikuwa wameshaonekana wakifanya kazi, wakapingwa, wakazoea kusoma bajeti na kuhesabu kura za kikao.

Miaka kumi ya kwanza Grant alikaa upinzani. Mwaka 1992 alijaribu kugombea unaibu kiongozi wa chama, hakupata wabunge wa kutosha wa kumdhamini. Labour iliposhinda mwaka 1997, Tottenham ilimpa kura 26,121 na tofauti ya zaidi ya 20,000, lakini Tony Blair hakumpa cheo chochote serikalini. Miaka 13 bungeni bila siku moja ya kusaini hundi. Kwa kipimo cha vyeo, mtu aliyewahi kuendesha manispaa nzima alimaliza kazi yake kama mbunge wa kawaida.

Alibaki diwani moyoni, na nitatoa mfano mmoja. Julai 1993 maofisa wa polisi na uhamiaji walikwenda Crouch End kumkamata Joy Gardner, Mjamaika mwenye umri wa miaka 40, ili arudishwe kwao. Walimfunga mikanda, wakamzungushia kichwani utepe wa gundi wenye urefu wa karibu mita nne, mbele ya mtoto wake wa miaka mitano. Alipoteza fahamu na kufariki siku chache baadaye. Maofisa watatu walishtakiwa, na mwaka 1995 hakuna aliyetiwa hatiani. Sasa tazama ramani: Crouch End haikuwa jimbo la Grant. Ilikuwa jimbo la mbunge mwingine. Lakini ilikuwa ndani ya Haringey, na Grant akaibeba kesi ile kama ya mpangaji wake, akadai uchunguzi, akasimama na mama wa marehemu mwaka baada ya mwaka. Mbunge angesema mpaka wangu unaishia kule. Mtu aliyelelewa na halmashauri hakuuona huo mpaka. Ripoti ya Macpherson, ya uchunguzi kuhusu mauaji ya kijana mweusi Stephen Lawrence, ilipotoka Februari 1999 na kuwataja polisi wa London kuwa na ubaguzi uliojengeka ndani ya taasisi, ilikuwa imefika mahali ambapo Grant alikuwa tangu 1985.

Na kuna fidia. Huku ndiko Afrika Mashariki inakoingia, na kwa haki. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda kundi la watu mashuhuri kufuatilia fidia ya utumwa na ukoloni. Ndani yake alikuwamo Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyewahi kuwa wakili Moshi na kushiriki kumtetea Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Aprili 1993 mkutano wa Abuja ukatoa tamko. Grant alilipeleka bungeni Uingereza kama hoja mwezi uliofuata, na mwaka huohuo akaanzisha chombo cha kulisukuma. Aliyeandika hoja ya kisheria iliyosomwa Abuja ni nani? Lord Gifford, yuleyule ambaye halmashauri ya Haringey ilimwita baada ya moto wa Broadwater Farm, na ambaye kabla ya hapo alikuwa mstari wa mbele Uingereza kuiunga mkono FRELIMO wakati makao yake yalipokuwa Dar es Salaam. Mwaka 1996 Gifford aliizungumza fidia ndani ya Baraza la Malordi. Uzi ule ulianzia kwenye uchunguzi uliolipiwa na halmashauri kuhusu nyumba za kupanga.

Waliomcheka walimwona mtu aliyepoteza muda kwa ndoto. Oktoba 2024, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walipokwenda Samoa, serikali ya Uingereza ilitangaza mapema kwamba hailipi fidia, na tamko la mwisho la mkutano likasema muda wa kuizungumza umefika. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza aliyekuwapo wakati huo ni David Lammy, mbunge wa Tottenham, aliyerithi kiti kwenye uchaguzi mdogo baada ya Grant kufariki tarehe 8 Aprili 2000 akiwa na miaka 56. Tottenham ina kituo cha sanaa chenye jina la Grant, kilichofunguliwa mwaka 2007 nyuma ya ukumbi wa zamani wa mji, kazi ya msanifu David Adjaye aliyezaliwa Dar es Salaam.

Mwishoni mwa 1996 Grant aliwaandikia wakuu wa makumbusho ya Glasgow akiomba, kwa niaba ya Oba, yaani mfalme, wa Benin iliyoko Nigeria, warudishe vitu vilivyoporwa huko na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Jibu lilikuwa hapana. Barua ya mbunge haikuwa na nguvu yoyote kwao, kwa sababu vitu vile vilikuwa mali ya jiji. Mwaka 2022 viliamuliwa virudi, 19 vya Benin pamoja na vingine vya India na vya Walakota, wenyeji asilia wa Marekani. Aliyeamua hakuwa waziri wala Bunge. Ilikuwa kamati ya halmashauri ya jiji la Glasgow, madiwani waliokaa kikao kama vile vya Haringey, wakasoma mapendekezo, wakapitisha.

Makumbusho makuu ya Uingereza, British Museum kule London, hayana madiwani. Yanaongozwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1963 inayowazuia wadhamini kutoa kitu kilichomo kwenye hifadhi, isipokuwa kwa sababu chache sana. Humo ndimo ilimo Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee wa Kipokomo wameiomba. Kubadilisha sheria hiyo ni kazi ya wabunge.